Flipa Ilibaki Nyuma: Kutoka Pinboli Hadi Mashine za Kamari

Wasee, kama ulishawahi kukaa mbele ya kompyuta ya Windows XP, ya saiba ama ya shule, lazima unakumbuka Space Cadet. Intaneti hakuna, mwalimu ametoka, na kitu pekee cha maana ndani ya ile mashine ni Solitaire na hiyo pinboli ya anga za juu. Mpira unarushwa juu, unagonga taa, alama zinapanda, alafu unateremka mbio katikati na wewe unabonyeza Z na mkwaju kama mtu anayefukuza nyuki.

Ile ilikuwa nakala ya kitu halisi. Pinboli yenyewe ni kabati lenye miguu minne na kioo juu, ubao wake umeinama kama nyuzi 6.5, na ndani kuna mpira wa chuma wa gramu 80 hivi. Chini kabisa kuna vijiti viwili vinavyoitwa flipa. Ukibonyeza kitufe pembeni, flipa inaruka na kuurudisha mpira juu. Bila flipa mpira unaanguka shimoni na mchezo umeisha.

Wengi wetu hapa Kenya hatujawahi kuigusa ile halisi. Lakini kazi ya watu waliozitengeneza imetufikia kwa njia nyingine. Baadhi ya wale wabunifu bora wa pinboli duniani walihamia kutengeneza sloti, zile mashine za kamari za kasino. Walienda na karibu kila kitu walichojua: taa, sauti, bonasi, hadithi, majina ya filamu. Kitu kimoja tu kilibaki nyuma, flipa.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usiutafute hadi mwisho. Huwezi kusema ni kazi ileile. Siku flipa inatoka, unafanya kazi nyingine kabisa, hata kama dawati, kompyuta na mshahara vinafanana. Na sisi vijana tunaojifunza kuchora, kuandika programu na kutengeneza video tunahitaji kuijua hiyo tofauti kabla hatujatia sahihi mahali.

Walikuwa majirani tangu mwanzo

Usidhani pinboli ilizaliwa malaika. Mwaka wa 1932 pale Chicago, Raymond Moloney alianzisha kampuni ya Bally, na jina lilitoka kwa mchezo wake wa pinboli, Ballyhoo. Pinboli za wakati huo hazikuwa na flipa. Unavuta fimbo ya springi, unaachilia, mpira unagongana na misumari na kuangukia shimo lolote. Ukishaachilia, kazi yako imekwisha, labda utikise kabati kidogo. Zingine zilikuwa zinalipa pesa waziwazi. Kwa hiyo pinboli na sloti zilikuwa kama watoto wa plot moja, na Bally walitengeneza zote mbili. Mwaka wa 1963 walitoa sloti ya Money Honey, iliyoendeshwa kwa umeme na kuweza kulipa hadi sarafu 500 bila mhudumu kuitwa.

Ndio maana mwaka wa 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizipiga pinboli marufuku. Alisema ni kamari na zinakula pesa za watoto. Polisi walizikusanya na kuzivunja kwa nyundo, na picha zikapigwa. Kama unakumbuka serikali yetu ikichoma zile mashine za kamari za mtaani, zile za kuweka sarafu ya mbao, basi picha unayo kichwani.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1947. Kampuni ya Gottlieb, pia ya Chicago, ilitoa Humpty Dumpty, na mbunifu Harry Mabs aliiwekea flipa sita. Ghafla mpira ukianguka una jibu. Ukicheza mara mia unakuwa bora kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Mkono wako sasa uko ndani ya mchezo.

Lakini marufuku ya New York iliendelea hadi 1976. Mwaka huo mwandishi anayeitwa Roger Sharpe alisimama mbele ya madiwani wa jiji kuonyesha kwamba pinboli ni ustadi. Kwa kuogopa janja, waliamua atumie mashine ya akiba badala ya ile aliyoitarajia. Akacheza, alafu akawaambia kabla ya kuvuta fimbo mpira utapita njia gani juu ya ubao. Akavuta, na mpira ukapita pale pale. Marufuku ikaondolewa.

Fikiria hiyo vizuri. Kilichoitoa pinboli kwenye jina la kamari mbele ya sheria ni hoja moja tu: mchezaji ana uwezo wa kubadilisha matokeo.

Watu wawili na mashine moja

Sasa turuke hadi 1992. Kampuni ya Williams, hapo hapo Chicago, ambayo tayari ilikuwa imenunua upande wa pinboli wa Bally, inatoa The Addams Family. Zinauzwa mashine 20,270. Hakuna pinboli ya kielektroniki iliyowahi kuuza kama hiyo. Walioibuni ni Pat Lawlor na Larry DeMar.

DeMar si mtu mdogo. Huyu ndiye aliyeshirikiana na Eugene Jarvis kwenye michezo ya video kama Defender na Robotron: 2084, na aliandika programu ya pinboli ya High Speed mwaka wa 1986. Kwa lugha yetu, huyu ni gwiji.

Lakini soko lilianza kukauka. Vijana wa Marekani walikuwa na michezo ya video nyumbani. Mwaka wa 1997 Williams walitoa Medieval Madness, ambayo wapenzi wengi wa pinboli wanaihesabu kati ya zilizo bora kabisa, na ziliuzwa 4,016 tu. Kazi nzuri, wateja hakuna.

Wakati huohuo, kampuni hiyohiyo ilikuwa na chumba kingine. Mwaka wa 1996 upande wake wa kamari, WMS Gaming, ulitoa sloti ya Reel 'em In. Ilikuwa na skrini, mistari mingi, na bonasi ya uvuvi ambapo unasubiri kuona samaki gani atavutwa. Ikavuma. Alafu wakaja na sloti za Monopoly, na hizo hawakuwa wanaziuza. Zinakodishwa kwa kasino, na mtengenezaji anaendelea kulipwa kila siku mashine ikiwa sakafuni.

Piga hesabu kama mwenye hisa. Pinboli unaitengeneza kwa mwaka mzima, unaiuza mara moja, mnunuzi anaenda nayo. Sloti unaiweka mahali na inakutumia pesa kila siku. Tarehe 25 Oktoba 1999 Williams walifunga pinboli na kubaki na kamari. Na hawakufunga kwa sababu watu walikuwa wavivu. Mwaka huohuo walikuwa wametoa Pinball 2000, mfumo mpya ulioonyesha picha za video juu ya ubao halisi, na wabunifu waliuhangaikia kweli. Haikutosha kuwaokoa.

Sasa angalia wale wawili wa The Addams Family. Larry DeMar alianzisha kampuni yake, Leading Edge Design, akatengeneza michezo ya kasino. Unaojulikana zaidi ni Multi-Strike Poker. Pat Lawlor akaanzisha studio yake na kuendelea na pinboli. Mwaka wa 2001 alibuni pinboli ya Stern, kampuni kubwa pekee iliyokuwa imebaki kwenye hiyo biashara. Unajua ilikuwa pinboli ya nini? Monopoly.

Yaani jina moja la mchezo wa ubao, miaka karibu ileile, lilikuwa linatengenezewa pinboli upande mmoja na sloti upande mwingine. Michoro inafanana na muziki unaweza kufanana. Tofauti iko kwa mkono wa mchezaji.

Alafu kuna Joe Kaminkow. Alikuwa kiongozi wa ubunifu kwenye pinboli za Data East, na wakati wake kampuni ilitoa The Simpsons, Star Wars na Jurassic Park. Mwaka wa 1999 alihamia IGT, kampuni kubwa ya sloti kule Nevada, na akawa mmoja wa watu waliosukuma sloti zenye majina ya filamu na vipindi vya televisheni. Mwaka wa 2004 jarida la New York Times lilimfuata kwa makala ndefu kuhusu sloti mpya zinavyotengenezwa. IGT walitoa hadi sloti ya The Addams Family. Yaani familia ileile, duka la pili.

Na ukitaka kujua mto uliishia bahari gani: kampuni ya kamari ya Scientific Games ilinunua WMS mwaka wa 2013, ikanunua Bally mwaka wa 2014, na tangu 2022 inaitwa Light & Wonder. Majina mawili makubwa zaidi ya pinboli yaliishia kwenye nyumba moja ya kamari.

Walibeba nini

Mtu akisema "ni ubunifu wa michezo tu," mwambie akuonyeshe ndani ya mashine.

Pinboli ilikuwa imeshasoma mengi kuhusu binadamu. Ilijua sauti gani inakufanya usimame wima. Ilijua kuweka taa inayokuambia umebakisha hatua moja ufikie jekpoti. Ilijua kukupa mipira mitatu kwa pamoja ndio uchanganyikiwe kwa raha. Ilijua kuweka safari ndani ya mchezo, ngazi kwa ngazi, ndio usione umecheza mchezo mmoja mara kumi. Na haikuwa safi kabisa. Mwisho wa mchezo kuna namba inayochezeshwa, ikilingana na tarakimu za mwisho za alama zako unapata mchezo wa bure, na mwenye mashine anaweza kuipanga hiyo asilimia kwenye menyu. Hiyo ni bahati nasibu ndogo ndani ya mchezo wa ustadi.

Lakini kwenye pinboli vyote hivyo vilikuwa vinakuita kwenye kazi. Taa ilikuwa inakuambia: lenga hapa. Ukilenga vizuri unapata.

Kwenye sloti taa haikuambii ulenge popote. Mwaka wa 1984 Inge Telnaes, aliyefanya kazi Bally, alipata hataza ya mfumo ambapo namba ya nasibu inayotoka kwa kompyuta ndiyo inaamua magurudumu yasimame wapi. Maana yake, gurudumu unaloliona lina picha chache, lakini lile la kompyuta linaweza kuwa na nafasi nyingi zaidi. Picha ya jekpoti inapewa nafasi chache, na zile tupu zilizo juu na chini yake zinaweza kupewa nafasi nyingi. Ndio maana jekpoti inaonekana kukupita kwa nywele mara kwa mara. Hujakaribia chochote. Ukibonyeza tu, matokeo yameshaamuliwa. Kuzunguka kwote unakokuona ni hadithi unayosimuliwa baada ya kesi kuisha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada wameandika sana kuhusu janja nyingine: unaweka 20, mashine inakurudishia 8, alafu inaimba na kuwaka kama umeshinda. Umepoteza 12 lakini mwili wako umesherehekea. Hizo nyimbo za kusherehekea pinboli pia ilikuwa nazo, lakini huko ulikuwa umefanya kitu.

Natasha Dow Schüll aliwasoma wacheza mashine za Las Vegas kwa miaka mingi, akaandika kitabu kiitwacho Addiction by Design mwaka wa 2012. Anaeleza watu wanaofika mahali ambapo hata kushinda si lengo tena. Wanataka tu kuendelea, dunia inyamaze. Kwa mwenye mashine hapo ndipo pazuri zaidi, kwa sababu hesabu ni ya muda. Chukua mashine inayorudisha asilimia 90. Ukiweka shilingi 10, mara kumi kwa dakika, kwa saa moja umeweka 6,000. Kwa wastani umeacha 600. Haikuhitaji kukuibia, ilihitaji tu usisimame.

Pinboli inahitaji kinyume chake. Mchezaji mzuri anaweza kukaa na sarafu moja dakika ishirini, na mwenye mashine anaumia. Ile mashine inapigana na wewe. Sloti haipigani na mtu, inakubembeleza tu ukae.

Flipa bandia

Sasa najua kuna msee hapo anasema, "Buda, hizi ni stori za Wamarekani wazee. Sisi hatuna kasino mtaani." Sawa. Toa simu yako.

Aviator imetengenezwa na Spribe, kampuni ya Georgia, ile nchi iliyopakana na Urusi, na ilitoka mwaka wa 2019. Ndege inapaa, namba inapanda, unabonyeza kitufe kutoka kabla haijapotea. Na hapa ndipo vijana wengi wanaingia boksi, kwa sababu kuna kitufe! Kuna kidole changu! Mimi ndiye niliyetoka kwa 1.8, ningengoja ningepata 5. Inahisi kama flipa.

Tufanye hesabu. Watengenezaji wanasema mchezo unarudisha asilimia 97. Weka kumi kumi mara mia, jumla 1,000. Ukiamua kutoka kila mara kwa 2, utafanikiwa kama mara 48 ama 49 kwa mia, unarudi na kama 970. Ukiamua kuwa jasiri na kungoja 10, utafanikiwa kama mara 9 ama 10 kwa mia, unarudi na kama 970. Badilisha mbinu yoyote, wastani ni uleule, kwa sababu mahali ndege itapotelea panaamuliwa raundi inapoanza. Kitufe chako kinachagua utapoteza kwa mtindo gani, polepole ama kwa kishindo. Na kwa kuwa raundi inaisha kwa sekunde chache, ile asilimia 3 inakatwa tena na tena kwenye pesa ileile.

Hiyo naiita flipa bandia, na jaribio lake ni rahisi. Ukifanya mazoezi mwaka mzima, unakuwa bora? Pinboli ina shirika la dunia linaloorodhesha wachezaji, International Flipper Pinball Association. Flipa iko mpaka kwa jina. Keith Elwin alikuwa bingwa wa mashindano, na ustadi huo ukampeleka kuwa mbunifu pale Stern. Nionyeshe bingwa wa dunia wa Aviator. Wale wanaokuuzia "signo" kwa Telegram wanajua hayupo.

Mbona haya yananihusu

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nakula kwa kontenti. Kazi yangu ni kukufanya usipitishe kidole sekunde tatu za kwanza. Kwa hivyo ustadi ninaoongelea si wa watu wa Chicago peke yao. Ninao, na wengi mnaonisoma mnao ama mnaujifunza: kuhariri, kuchora, kuandika msimbo, kupanga sauti. Na watu wenye pesa ya haraka zaidi kwa ustadi huo wanajulikana.

Nimeshaandikiwa mara kadhaa nitangaze mchezo wa kamari. Mara ya mwisho pesa ilikuwa ya kulipa kodi ya miezi minne kwa video mbili. Nilikataa, na sikukataa nikiwa nimeshiba. Nilikataa kwa sababu najua umri wenu, na nasoma mnachoniandikia ikifika tarehe ya HELB.

Lakini kesi ngumu si yangu. Nina rafiki, ana miaka 23, anachora vibonzo vinavyotembea kuliko mtu yeyote ninayemjua. Amepewa kazi na kampuni ya nje, anafanyia nyumbani, mshahara ambao mamake hajawahi kuushika kwa miaka yote aliyofanya kazi. Kazi ni kutengeneza michoro ya michezo ya kamari: sarafu zinavyoruka, mhusika anavyocheka ukishinda, anavyokukonyeza ukikosa kidogo. Na ndugu yake mdogo, yule yule anayemlipia karo, ameshacheza nauli ya muhula mzima kwenye michezo ya aina hiyo. Akaniuliza nifikirie naye.

Alikuwa na hoja tatu, na zote nzito.

Ya kwanza: "Hata wale magwiji walihama. Wao ni wabaya?" Nikamwambia hapana. Kiwanda kikifungwa, mtu ana watoto na mkopo wa nyumba. Tena DeMar aliingia upande wa poka, ambapo angalau unachagua karata za kushika na za kutupa, na anayecheza vizuri anapoteza kidogo kuliko anayecheza ovyo. Ile ni nusu flipa. Lakini Lawlor naye yupo. Pinboli haikufa. Stern walibaki, na mwaka wa 2011 ikaanzishwa Jersey Jack. Kwa hivyo usiseme njia ilikuwa moja. Njia ilikuwa mbili, moja pana na nyingine nyembamba.

Ya pili: "Nisipoifanya mimi, ataifanya mwingine." Ni kweli, na mchezo hautafungwa kwa sababu yake. Lakini hiyo hoja inaweza kuhalalisha kazi yoyote duniani, hata ya kuuza pombe haramu. Inakuambia tu mchezo utakuwepo. Haikuambii kama mkono wako unapaswa kuwa ndani.

Ya tatu ndiyo iliyoninyamazisha: "Wewe unaniambia nikatae, ni nani atalipa karo?" Hapo sina jibu la kishujaa, na simwamini mtu aliye nalo. Mwenye njaa simhukumu. Nilichomwambia ni hiki: ukiichukua, ichukue ukijua ni nini. Usijiambie wewe ni mbunifu wa michezo aliyepata nafasi yake. Kazi yako itakuwa kumfanya mtu asisimame, na mmoja wa hao watu mnalala naye chumba kimoja. Weka tarehe ya kutoka, iandike, na weka akiba ya kutokea. Kwa sababu mshahara kama huo una tabia ya sloti yenyewe, kila mwisho wa mwezi unasema bado mmoja tu.

Aliniuliza kama ni mimi ningeichukua. Nikamwambia singechukua. Bado anafikiria.

Maswali ya kubeba kwa intaviu

Hakuna darasa nililokaa ambapo mtu alitufundisha kuuliza haya, kwa hivyo nayaweka hapa. Mtu akikuita kufanya kazi ya mchezo, programu ama kampeni yoyote, uliza mambo matatu.

Moja: huyu anapata pesa mteja akifanya nini? Akimaliza na kufurahi, ama akishindwa kuondoka?

Mbili: mtumiaji akijifunza na kuwa bora, kampuni inafurahi au inaumia?

Tatu: flipa ipo? Si kitufe tu. Nauliza kama mkono wa mtu unabadilisha matokeo kweli.

Uliza hivyo hata kwa kazi ambazo si kamari. Programu za mikopo ya simu, michezo ya watoto yenye masanduku ya bahati, hata ukurasa wangu. Mimi pia nalipwa ukikaa, na sitaki kujitoa kwa hilo. Ndio maana nikimaliza nilichokuwa nacho, namaliza.

Na usidanganywe kwamba maswali haya ni ya waliosoma sana. Madiwani wa New York mwaka wa 1976 walihitaji kuona jambo moja tu, mtu akisema mpira utapita wapi, alafu mpira ukapita hapo. Ukipewa mchezo wowote, ama kazi ya kuutengeneza, omba kuonyeshwa hilo. Wakishindwa, funga laptopu.

Kama uko kwa hali kama ya rafiki yangu, ama umeshaifanya hiyo kazi ukatoka, niandikie nijue ulitokaje. Nikipata ruhusa yako nitampelekea, kabla Ijumaa haijafika, kwa sababu ndiyo siku wanayotaka jibu.